Gari la spoti la zamani au gari dogo la umeme? Mwongozo kamili kwa mkazi wa Tanga

Kabla ya kuuliza ununue gari lipi, uliza litalala wapi. Kwa Tanga, swali hilo linamaliza nusu ya mjadala. Gari la umeme linataka soketi iliyo mikononi mwako kila usiku. Gari la spoti la zamani linataka paa, sakafu kavu na fundi anayelipenda. Ukikosa vya upande mmoja, usijilazimishe upande huo hata kama gari lenyewe limekuingia moyoni.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye fungu moja la pesa na mawazo mawili. Kwa upande mmoja anaiona Toyota Altezza, Mazda Roadster au Toyota MR-S, magari yaliyotengenezwa ili dereva afurahi. Kwa upande wa pili anaiona Nissan Leaf iliyotumika Japani, kimya, bila petroli, inayotosha kwenda kazini na kurudi. Nayapenda yote mawili na sitaki kumkatisha mtu tamaa. Nataka anunue akijua anachokwenda kukilea.

Hatua ya 1: Andika wiki yako ilivyo

Chukua karatasi uandike safari zako za wiki nzima, ukianza na zile unazozifanya kwa lazima. Kutoka Sahare hadi mjini, shule ya watoto Chumbageni, sokoni Ngamiani, kazini Pongwe, msibani Muheza. Weka kilomita pembeni ya kila safari.

Wengi wakimaliza kuandika wanaona kwamba Tanga mjini ni padogo na ni tambarare. Mtu anayekaa Raskazone na kufanya kazi katikati ya mji anaweza kumaliza wiki bila kufikisha kilomita 100. Anayekwenda Pongwe au Amboni kila siku ataongeza, lakini bado ni safari ambazo gari dogo la umeme linazimudu.

Sasa andika safari za mwezi na za mwaka. Muheza ni kama kilomita 35. Pangani ni kama 50. Horohoro mpakani ni kama 65, na Segera ni kama 70. Lushoto inapita 150, na mwisho wake ni kupanda mlima. Dar es Salaam ni kama 350. Hapa ndipo magari haya mawili yanapoachana. Gari la spoti likiwa zima litakwenda Dar na kurudi, utajaza mafuta popote. Leaf ya zamani haikubebi hadi Dar, na usipange safari ya namna hiyo ukitegemea kwamba utabahatisha chaja ya kasi njiani. Kama una mzazi Dar na unakwenda kumwona kila mwezi, kubali mapema kwamba utapanda basi Kange au utaazima gari, au achana na umeme kwa sasa.

Hesabu na watu pia. Roadster na MR-S zina viti viwili tu, tena MR-S haina buti la maana, vitu vinawekwa nyuma ya viti. Ukioa, ukizaa, au mama mkwe akija kutoka Korogwe na kiroba cha mchele, utatafuta bajaji. Altezza ina milango minne na viti vitano, na nadhani ndiyo sababu imependwa sana nchini kwetu: inakupa raha ya gari linalosukumwa na matairi ya nyuma bila kuifukuza familia.

Hatua ya 2: Kagua mahali pa kulaza gari

Tanga ni mji wa bahari. Upepo una chumvi, na chumvi hula chuma. Mtu anayekaa karibu na pwani, Raskazone au Sahare, alaze gari la zamani ndani ya banda lenye hewa. Turubai la plastiki lililofunika gari moja kwa moja linafungia unyevu na kuharakisha kutu, kwa hiyo ni afadhali paa la bati lililo wazi pembeni. Roadster yenye paa la kitambaa ina adui wa ziada, nalo ni jua. Kitambaa hukakamaa, hupasuka kwenye mikunjo, na dirisha la nyuma la plastiki hufifia hadi huoni kitu.

Kwa gari la umeme swali ni jingine. Je, unaweza kuegesha ndani ya ukuta wako, hatua chache kutoka kwenye mita yako ya LUKU? Kama umepanga chumba na gari linalala barabarani, au mita ni moja na wapangaji wanachangia, usinunue gari la umeme. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Kuvuta ekstensheni dirishani hadi barabarani kila usiku ni hatari kwa watoto wanaopita, na ni ugomvi wa kila mwezi na mwenye nyumba.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya petroli na umeme kwa kilomita zako

Usitumie hesabu ya jirani. Tumia zako, kwa njia hii.

EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Tanga ina bei yake kwa sababu mafuta hushushwa pia katika bandari yetu. Kwa hesabu rahisi tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Altezza ya injini ya lita 2.0 katika mizunguko ya mji, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, itakwenda kilomita 8 hadi 10 kwa lita. Roadster ni nyepesi na inaweza kukupa 11 au 12 ukiendesha kwa utulivu.

Leaf hutumia uniti moja ya umeme kwa kilomita 6 hivi. Uniti ni ileile unayonunua kwenye LUKU. Sehemu ya umeme hupotea kwa joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo ongeza asilimia 15. Mteja wa kawaida wa TANESCO wa kundi la T1, ukijumlisha VAT na tozo, hulipa karibu shilingi 357 kwa uniti.

Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi:

Gari la spoti la kilomita 10 kwa lita: lita 100, yaani shilingi 300,000.

Leaf: uniti 167, ukiongeza upotevu ni kama 192, yaani shilingi 68,500.

Tofauti ni zaidi ya shilingi 230,000 kila mwezi, karibu milioni 2.8 kwa mwaka. Hiyo ni pesa inayoonekana. Lakini fanya hesabu hiyohiyo kwa mtu wa kilomita 300 kwa mwezi na tofauti inashuka hadi kama shilingi 70,000. Kwa mtu huyo umeme hauokoi pesa nyingi kiasi cha kumnyima gari analolipenda. Wapo wanaonunua gari la umeme ili waokoe mafuta ambayo hawakuwa wakiyatumia.

Jambo moja kuhusu LUKU. Kama nyumba yako iko kundi la D1, lile la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya VAT na tozo, gari litakutoa huko mara moja. Friji, taa na feni navyo vitaanza kulipiwa bei ya juu. Ingiza tofauti hiyo kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Ushuru, kabla ya kumtumia mtu yeyote senti

Ukiagiza kutoka Japani, nenda kwanza kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya TRA. TRA ina thamani yake ya kukadiria, haifuati tu risiti ya muuzaji. Gari la abiria lililozidi miaka 10 hubebeshwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya umri, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18. Ukiziweka pamoja, gari la spoti la lita 1.8 au 2.0 lenye thamani ya shilingi milioni 10 likifika bandarini linaweza kudai karibu milioni 10 nyingine. Viwango hubadilika katika bajeti ya Juni na huanza kutumika tarehe 1 Julai, kwa hiyo kikokotoo cha leo kina nguvu kuliko hesabu ya rafiki yako ya mwaka juzi. Gari la umeme nalo liingize humohumo kwa mwaka na modeli yake.

Kwa sababu hii, gari la spoti lililokwisha kuingia nchini na kulipiwa ushuru mara nyingi lina maana kuliko kuagiza, ilmradi upate zuri.

Hatua ya 5: Kama moyo uko kwenye spoti, chagua injini kabla ya rangi

Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, na ndani ya bodi hiyo moja kuna magari mawili tofauti. AS200 ina injini ya 1G-FE yenye silinda sita, laini, isiyo na haraka. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne iliyobanwa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, ikitoa nguvu za farasi 210 ikiwa na gia za mkono. Kule Japani RS200 hujazwa petroli ya oktani ya juu, yaani ile isiyofanya injini iliyobanwa hivyo igonge. Ukiijaribu, ipandishe kilima kwa gia kubwa na usikilize kama injini inagongagonga. Zote mbili zinatumia taimingi belti, na kilomita 100,000 ndio mwisho wa belti hiyo. Muuzaji asipokuwa na ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa na uitoe kwenye bei.

Roadster ilianza kuuzwa mwaka 1989, Japani ikijulikana kwa jina la Eunos Roadster, na ikafikisha magari milioni moja mwaka 2016. Hilo lina faida kwako: vipuri bado vinatengenezwa, na maarifa yake yamejaa kila mahali. Injini yake si ngumu kwa fundi mzuri wa Tanga. Ugonjwa wake ni kutu katika vizingiti vilivyo chini ya milango. Maji ya mvua kutoka kwenye paa hupita katika vijitundu, vijitundu vikiziba kwa majani maji hukaa ndani, na chuma huoza kutoka ndani kuja nje. Bonyeza chini ya mlango kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Rangi ikiitika kwa kulegea, ondoka.

MR-S ya 1999 hadi 2007 inatumia injini ya 1ZZ-FE, ndugu wa injini zilizomo katika magari mengi ya Toyota yanayotembea mjini kwetu. Inatumia cheni badala ya belti, hilo ni zuri. Lakini matoleo ya mwanzo yanajulikana kwa kula oili, kwa sababu ya ringi za pistoni. Chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha, uliza liliwekewa lini, na mwombe mwenye gari aliwashe mbele yako likiwa la baridi. Moshi wa bluu unamaliza mazungumzo.

Mazda RX-8 nakuomba uiache. Injini yake ya kuzunguka ni ya ajabu na sauti yake haina mfano, ila inakunywa oili kwa kuumbwa kwake, mihuri yake huchoka, na kipimo chake cha kompresheni kinahitaji kifaa maalumu. Kwa Tanga ni gari la kusimama juu ya mawe.

Subaru Impreza yenye turbo ni ya kufikiria tu kama unajua historia yake yote. Nyingi zimepitia mikono ya vijana wenye kasi. Taimingi belti ya injini ya EJ20 ikikatika, valvu na pistoni hukutana.

Sasa ukaguzi. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na nenda asubuhi. Fuata mpangilio huu: kutu kwanza, kwa sababu ndiyo isiyotibika kirahisi, halafu injini ikiwa baridi, halafu kompresheni ya kila silinda, nazo zikaribiane, halafu rejeta na mipira yake. Joto la Januari hadi Machi hapa kwetu halina huruma kwa rejeta iliyoziba. Liache gari likiunguruma papo hapo dakika 15 saa sita mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na usiondoe macho kwenye geji ya joto. Ikipanda kupita katikati, kuna tatizo, hata muuzaji aseme ndivyo ilivyo.

Chungulia na chini. Magari haya yako kama sentimita 13 au 14 tu kutoka ardhini, na yakishushwa springi yanapungua zaidi. Matuta yetu mengine yamejengwa bila kipimo. Ukikuta ekzosi imebondeka na bodi ina mikwaruzo mirefu, jua limeteseka. Kisha pima njia ya kuingilia nyumbani kwako: gari lisilopanda mlangoni kwako bila kukwaruza utalichukia ndani ya wiki.

Ukinunua kutoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada yenyewe na umpe mtu anayesoma Kijapani. Herufi R au RA ina maana gari limewahi kupata ajali na kutengenezwa. Alama S ni kutu. Picha zilizong'arishwa zisikuteke.

Hatua ya 6: Kama ni umeme, unanunua betri yenye gari juu yake

Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24. Baadaye ikaja ya uniti 30, halafu mwaka 2017 gari jipya la uniti 40, na 2019 la uniti 62. Kipimo cha Marekani kilipa matoleo ya kwanza ya uniti 24 kilomita kama 117, ya uniti 30 kama 172, na ya uniti 40 kama 243, betri ikiwa mpya. Kipimo cha Japani husoma juu zaidi, 200 na kuendelea kwa betri ya uniti 24. Tangazo likiandika hivyo, jua ni kipimo cha kwao.

Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Inapozwa na hewa tu. Mwaka 2012 wenye magari haya huko Arizona, Marekani, walianza kulalamika kwamba betri zinapungua haraka kwa sababu ya joto, na baadaye kiwandani wakabadilisha kemia yake. Betri hiyo mpya inayovumilia joto zaidi ilianza na magari ya modeli ya 2015. Tanga si jangwa, lakini joto letu halipumziki usiku kama la jangwani. Kwa hiyo kwa mkazi wa pwani ushauri wangu ni huu: ya 2011 hadi 2013 iache hata kwa bei ya kutupa. Tafuta ya 2015 kuja juu, na kama mfuko unaruhusu, ya uniti 40.

Jinsi ya kuipima betri:

Kulia kwa geji ya chaji katika dashibodi kuna vijistari 12 vya afya ya betri. Kijistari cha kwanza kikipotea, betri imepungua kama asilimia 15. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Gari lenye vijistari 8 limebaki na kitu kama theluthi mbili, na kwa betri ya uniti 24 maana yake ni kilomita 80 au 90 halisi. Vijistari vinaweza kurudishwa na mtu mjanja kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vikaonekana 12 kwa muda, kisha vikaanza kupotea tena. Usiviamini peke yake.

Nunua kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile la kusomea kompyuta ya gari, na uweke programu ya Leaf Spy kwenye simu. Itakuonyesha afya ya betri kwa asilimia na volti ya kila seli. Seli zote zikaribiane. Seli moja ikiwa chini sana ya wenzake wakati chaji imepungua, betri ina jino bovu, na litakuumiza kila safari.

Halafu fanya jaribio ambalo hakuna muuzaji anayeweza kulichakachua. Lichaji gari hadi lijae, washa kiyoyozi, liendeshe kutoka mjini hadi Muheza na kurudi kwa mwendo wa 80 pale barabara inaporuhusu. Ni kama kilomita 70, kwenda ni kupanda taratibu na kurudi ni kushuka. Likirudi likiwa na robo ya chaji au zaidi, linatosha kwa maisha ya Tanga mjini. Likirudi likionyesha alama ya kobe, yaani chaji inakwisha na gari linapunguza nguvu, mrudishie mwenyewe funguo. Muuzaji akikataa safari hiyo, amekujibu.

Magari mengine kwa ufupi. Mitsubishi i-MiEV ni dogo sana; toleo la M la uniti 10.5 lina betri ya Toshiba inayostahimili joto na kuchajiwa mara nyingi, ila safari yake ni fupi, kilomita 120 kwa kipimo cha Kijapani. Kwa mtu wa Makorora hadi mjini linatosha kabisa. BMW i3 ina betri inayopozwa vizuri, lakini vipuri vyake na bodi yake ya kaboni vitakusumbua. Magari mapya ya Kichina yenye betri za LFP, aina ya lithiamu na fosfati ya chuma, yanavumilia joto vizuri; hakikisha usukani uko kulia na uangalie tundu la kuchajia, kwa sababu yaliyotengenezwa kwa soko la China kwenyewe yana tundu la aina yao, GB/T, na kebo ya Leaf haitaingia.

Hatua ya 7: Tengeneza umeme wa nyumbani kabla gari halijafika

Soketi ya kawaida ya ukutani imeandikwa ampea 13, lakini haikutengenezwa kubeba mzigo huo saa nane mfululizo kila usiku. Chaji kwa ampea 10. Hiyo ni kama kilowati 2.3, na mtu aliyetembea kilomita 40 atahitaji saa tatu na nusu hivi. Inatosha. Huhitaji chaja ya gharama ukutani.

Unachohitaji ni laini ya peke yake kutoka kwenye mita: waya wa milimita za mraba 4 au 6, sakiti breka yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na ethi ya kweli, yaani nondo iliyozikwa ardhini na kupimwa. Nyumba nyingi za zamani za Ngamiani zina tundu la ethi kwenye soketi na hakuna kitu nyuma yake. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mwambie ni kwa ajili ya gari, na umwombe akupimie mbele yako.

Kebo inayokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100 au 200. Sisi tuna 230. Nunua kebo ya volti 230 yenye mdomo wa Type 1 kwa Leaf ya Kijapani. Usikate plagi na kuunganisha kwa utepe. Wiki ya kwanza, gusa soketi baada ya saa moja ya kuchaji. Vuguvugu ni sawa. Ikiunguza mkono, zima na ubadilishe.

Umeme ukikatika usiku, gari litasubiri na kuendelea ukirudi. Kwa hiyo usilale na chaji ya asilimia 10 ukijua asubuhi unakwenda Bombo hospitali. Weka mazoea ya kutoshuka chini ya 30.

Hatua ya 8: Mtafute fundi kabla ya gari

Kwa spoti, nenda gereji tatu uulize swali moja: umewahi kufungua injini hii? Anayesema zote ni sawa, mpite. Vipuri vya Altezza utavipata au utaviagiza Dar, Ilala na Gerezani, vikaja na basi siku ya pili. Vya MR-S vya injini ni rahisi, vya bodi ni vigumu.

Kwa umeme kazi za kawaida hazina tofauti: shokapu, bushi, matairi, breki, kiyoyozi. Fundi yeyote mzuri atazifanya. Nyaya nene za rangi ya chungwa ni hadithi nyingine. Zina volti zaidi ya 300 na zinaua. Fundi asiyesomea asiziguse, na mwenye gari asikubali kujaribiwa.

Hatua ya 9: Kata shauri

Una nyumba yenye ukuta na mita yako, unatembea zaidi ya kilomita 600 kwa mwezi na karibu zote ni ndani ya mji, na hili ndilo gari pekee la familia: chukua umeme, wa 2015 kuja juu, na kila mwezi weka pembeni sehemu ya pesa ya mafuta uliyookoa. Shilingi 100,000 kwa mwezi ni akiba ya betri ya baadaye. Asiyeweka akiba hiyo anadhani anaokoa, kumbe anakopa.

Una gari jingine la kazi, unatembea kidogo, una banda, na una fundi: nunua spoti na moyo mweupe. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kilomita 33 za kona, ukiwa na Roadster asubuhi kabla ya malori, ni raha ambayo Leaf haiwezi kukupa. Leaf itafika huko kama ina betri nzuri na ukachajia Korogwe njiani, lakini kupanda karibu mita 1,000 kunakula kama uniti 4 kwa mwinuko peke yake, na macho yako yatakuwa kwenye geji badala ya milima.

Spoti la zamani kama gari pekee la mtu anayetakiwa kazini saa moja na nusu kila siku sikushauri, hata likiwa Altezza safi. Gari la miaka 20 litalala gereji siku fulani, na siku hiyo haichagui.

Umepanga, gari linalala nje, na pesa ni kidogo: kwa sasa lolote kati ya haya mawili ni mzigo. Gari la kawaida la petroli lenye vipuri kila kona litakufaa hadi upate kwako.

Hatua ya 10: Miezi mitatu ya mwanzo

Siku ya malipo, hakikisha namba ya chesesi kwenye gari inafanana na kadi, andikeni mkataba mbele ya wakili, na uhamishe umiliki TRA mara moja. Kwa bima, gari la umeme likatie bima kubwa. Betri ikipigwa na jiwe au maji ya mafuriko, bima ya mtu wa tatu haikusaidii. Muulize wakala kwa maandishi kama betri imo ndani ya bima.

Spoti: badilisha oili zote, za injini, za gia na za difu, pamoja na maji ya rejeta na maji ya breki, hata kama umeambiwa ni mapya. Badilisha mipira ya rejeta. Osha chini ya gari kwa maji baridi kila baada ya wiki mbili, na baada ya kila safari ya Pangani au ufukweni ioshe siku hiyohiyo. Roadster, zibua vijitundu vya maji kabla ya masika kuanza mwezi Machi. Pima oili kila Jumapili kwa miezi hiyo mitatu na uandike. Daftari litakuonyesha kama injini inakunywa.

Umeme: chaji kati ya asilimia 30 na 80 kwa siku za kawaida, na ijaze kabisa tu unapokwenda mbali. Weka saa ya kuchaji ianze usiku wa manane, imalize alfajiri, wakati hewa imepoa. Usiache gari lililojaa likichomwa na jua mchana kutwa. Betri huchoka kwa mambo mawili hayo yakikutana. Ukirudi safari ndefu, iache ipoe kwanza ndipo uchomeke kebo. Na kwa kuwa mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, diski za breki hukaa bila kuguswa na hewa ya chumvi huzila. Mara moja kwa wiki, mahali pasipo na mtu nyuma, weka gia kwenye N na ufunge breki kwa nguvu mara tatu nne hadi usikie diski zimesafika. Betri ndogo ya volti 12 nayo ipimwe, kwa sababu ikifa, gari zima halitawaka hata betri kubwa ikiwa imejaa.

Kila mwisho wa mwezi andika asilimia ya afya ya betri kutoka kwenye Leaf Spy pamoja na kilomita ulizotembea. Siku utakapotaka kuliuza, mnunuzi ataomba karatasi hiyo kabla ya kuomba funguo.